TAKA ZA MJI NA WAJIBU WA MWENYEJI

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya kitu kisichopendeza kutajwa, nacho ni taka. Huenda mtu akacheka na kusema, Je, hamkupata jambo bora kuliko hilo? Twamjibu kwamba hatukulichagua kwa mzaha. Hakuna jambo lionyeshalo upesi kama hili tofauti iliyopo baina ya mtu akaaye mtaani tu, na mtu aliye mwenyeji wa mtaa kwa haki na kwa wajibu.

Kila mtu ajua hali ya viunga vya Dar es Salaam wakati wa masika. Ukiwa Tandale au Mwananyamala katika Kinondoni, au Keko, Tandika na Mbagala katika Temeke, mvua ikianza kunyesha usiku, utasikia milango ikifunguliwa. Wengine hutoka ili kukinga maji ya mapaa. Wengine hutoka wamebeba viroba, nao huvimwaga ndani ya mtaro, kusudi maji yazichukue taka zao mpaka kwa watu wengine. Asubuhi yake mtaro umeziba, maji yamepanda vizingiti, na yule aliyemwaga kiroba hulalamika pamoja na jirani zake ya kuwa serikali imewasahau. Basi tusimwonee aibu mtu huyo, maana kila mmoja wetu amemwona, na pengine ni sisi wenyewe.

Mji huu umekua upesi mno. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1988 wenyeji wa Dar es Salaam walikuwa yapata 1,360,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Kila mtu katika hao hula, hununua, humenya na hutupa. Zamani taka za nyumba zilikuwa maganda ya mihogo na majivu, na shimo moja nyuma ya nyumba lilitosha. Siku hizi viwanja vimesongamana hata shimo halina nafasi, na kitupwacho ni chupa na makaratasi ya plastiki yasiyooza. Ni kweli kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa zingalipo, na mitaro ingali yajaa.

Sasa sikilizeni hadithi, nayo ni hadithi ya kweli iliyoandikwa katika hukumu za Mahakama Kuu.

Kwa miaka mingi jaa kubwa la mji, ambalo watu wa leo huliita dampo, lilikuwa Tabata. Watu walijenga pande zote za jaa lile, na moshi wa taka zilizochomwa uliwaingia ndani ya nyumba mchana na usiku. Wenyeji walinung'unika, kama ilivyo desturi, lakini hawakuishia katika kunung'unika. Walikwenda mahakamani kuishtaki Halmashauri ya Jiji, na mwaka 1988 mahakama iliamuru kwamba taka zisitupwe tena mahali pale. Halmashauri iliomba muda, ikaongezewa, kisha ikaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa. Alistaajabu kuona chombo cha umma kikija mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mahali wakaapo watu na kuhatarisha maisha yao. Akakumbusha kwamba Katiba ya nchi, katika ibara ya 14, humpa kila mtu haki ya kuishi, na haki ya kulindwa maisha yake.

Je, mji ulifanyaje? Magari ya taka yaligeuza njia. Badala ya kwenda Tabata, yalikwenda kaskazini, yakafuata njia ya Bagamoyo, yakamwaga mizigo yake Kunduchi Mtongani, katika wilaya ya Kinondoni. Nako kulikuwa na watu. Katika ramani kuu ya mji mahali pale palikuwa pamewekwa kwa ajili ya makazi. Punde si punde wenyeji wa Mtongani nao walipata yale waliyoyapata wa Tabata: moshi, harufu mbaya na nzi wengi.

Watu wa Mtongani walifanya jambo ambalo twaomba mliangalie sana. Kesi yao ni nambari 90 ya mwaka 1991, na katika vitabu vya sheria huitwa kesi ya Festo Balegele na wenzake 794 dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Hesabuni: mmoja na mia saba tisini na nne ni watu 795. Hao hawakuwa matajiri wenye mawakili wao wa kudumu. Walikuwa wakazi wa mahali pamoja waliokubaliana kutia majina yao katika hati moja. Jaji Rubama aliwasikiliza, akaona kwamba wana haki ya kulalamika kwa kuwa wao ndio wapatao madhara. Mahakama ikatengua uamuzi wa kulifanya eneo lile kuwa jaa, ikakataza taka zisitupwe pale, na ikaiamuru Halmashauri itafute mahali pafaapo, pasipodhuru afya za watu.

Twaweza kuishia hapa, tukapiga makofi na kusema, Wamefanya vema wenyeji wa Mtongani. Nao walifanya vema kweli. Lakini hadithi haijaisha, na sehemu iliyobaki ndiyo yenye fundisho kubwa. Baada ya Mtongani, taka za mji zilipelekwa Vingunguti, katika Ilala. Nako kulikuwa na watu. Baada ya Vingunguti zilipelekwa Mtoni, katika Temeke, karibu na bonde lipelekalo maji baharini. Nako kulikuwa na watu. Baadaye tena zikapelekwa Pugu, nje zaidi ya mji, ambako nyumba ziliendelea kukaribia. Basi yaonekana ya kwamba kila kiunga kilipoamka na kujitetea, mzigo ulihamia kwa jirani aliyekuwa bado amelala, au asiye na sauti.

Kwa hiyo twajifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba wenyeji wakiungana husikiwa, na hapana aliye mdogo mno mbele ya sheria. La pili ni kwamba kujiondolea uchafu mlangoni pako ni nusu ya kazi tu. Mwenyeji mwema huuliza swali moja zaidi: Je, taka zangu zitakwenda wapi, na huko ni nani akaaye? Asiyeuliza swali hilo hana tofauti kubwa na yule wa kiroba cha usiku, illa mtaro wake ni mrefu zaidi.

Pengine msikilizaji atatuambia, Maneno yenu ni mazuri, lakini kesi huchukua miaka, na sisi mvua yatukuta mwezi huu. Tena kazi ya usafi ni ya manispaa, maana twatozwa fedha. Hoja hiyo ina haki yake, wala hatutaidharau. Lakini na tutazame mfano mwingine, wa Hananasif, papo hapo Kinondoni, mtelemkoni mwa bonde la Msimbazi.

Hananasif ni mtaa uliojengwa bila kupimwa, kama mitaa mingi ya mji huu. Maji ya mvua yalishuka kutoka juu yakapita katikati ya nyumba, yakakata njia, yakabomoa kuta. Katika miaka ya 1990 wenyeji waliunda chama chao cha maendeleo ya mtaa, nacho kikashirikiana na mji, pamoja na Shirika la Kazi la Ulimwengu na wafadhili wengine. Kuanzia mwaka 1994 walichimba mitaro na kutengeneza njia. Walioshika majembe na sepeto walikuwa watu wa mtaa wenyewe, wake kwa waume, na ujira wa kazi ukabaki mtaani. Fundi wa serikali alionyesha vipimo na mteremko, lakini mwenyeji ndiye aliyejua maji hupita wapi usiku wa manane. Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi katika ramani yo yote, nao hupatikana kwa kuwauliza wakaao pale.

Walakini mtaro ukishajengwa hauwezi kujizibua wenyewe. Hapo ndipo watu wengi hushindwa. Siku ya kuchimba huja watu wengi, na siku ya kufungua huja hata wageni wenye kamera. Bali siku ya kuzoa mchanga, miaka mitatu baadaye, huja wazee wawili na mtoto mmoja. Twasema hivi kwa kuwa kumaliza kujenga ni jambo la siku moja, lakini kutunza ni tabia. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika viunga vyetu twaweza kusema kwamba usipozibua mtaro utahamisha kitanda.

Wala jambo hili si la usumbufu tu, ni la uhai. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoani. Mpaka kufika Aprili ya mwaka 2016 watu zaidi ya 20,000 wa Tanzania Bara walikuwa wameugua, na zaidi ya 300 walikuwa wamekufa. Ugonjwa huo hupita katika maji yaliyochanganyika na kinyesi, na mtaro uliozibwa kwa taka ni njia yake ya kufika kisimani na jikoni. Ndiyo sababu tarehe 9 Desemba 2015, siku ya sikukuu ya Uhuru, Serikali iliacha gwaride na sherehe, na watu wakaambiwa washike mafagio.

Sasa twaja kwenye swali lenyewe: Mtu mmoja, asiye na cheo, afanye nini?

Kwanza, ajue mahali pa kupeleka neno lake. Mtaa una Mwenyekiti na wajumbe wake, waliochaguliwa na wakazi kwa miaka mitano. Pamoja nao yuko Mtendaji wa Mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa Halmashauri, nao hufanya kazi pamoja lakini hawana kazi moja. Juu ya mtaa iko kata yenye diwani, na juu ya kata iko manispaa. Neno la taka huanzia mtaani. Mtu akiruka ngazi zote akaenda kulia mjini, huambiwa arudi alikotoka, naye hupoteza nauli.

Pili, ahudhurie mkutano wa mtaa. Mkutano huo ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, si wa wajumbe peke yao. Hapo ndipo hesabu ya mapato na matumizi husomwa, na mkazi ana haki ya kuuliza. Tulipata kuhudhuria mkutano wa mtaa mmoja ambao hatutautaja jina, uliofanyika chini ya mwembe. Wenye nyumba walikaa vitini, nao wapangaji wengi walisimama mbali, kama watu waliopita njia. Katika kusoma hesabu, mama mmoja apangaye chumba kimoja alinyosha mkono, akasema, Ndugu Mwenyekiti, mimi nalipa ada ya taka kila mwezi, lakini sijapewa stakabadhi hata moja. Je, fedha yangu imo katika hesabu hiyo? Pakawa kimya. Kisha mwingine akasema, Hata mimi. Na mwingine tena. Mwenyekiti hakukasirika. Aliona kwamba neno lile lina maana, wakakubaliana kwamba mkusanyaji asiyetoa stakabadhi asilipwe. Swali moja la mpangaji mmoja lilitengeneza kilichowashinda wengi, kwa sababu liliulizwa mahali pake, kwa adabu, na mbele ya watu.

Twataka kuwaambia wapangaji neno hili hasa, maana katika viunga vya Kinondoni na Temeke wao ni wengi sana. Msiseme, Mimi napita tu, mtaa ni wa wenye nyumba. Mbu hamwulizi mtu hati ya kiwanja, na kipindupindu hakitofautishi baba mwenye nyumba na mpangaji wake. Sheria nayo haisemi mwenye nyumba, yasema mkazi. Mkazi wa miaka 18 ana kura katika uchaguzi wa mtaa, awe amejenga au amepanga.

Tatu basi, ajiandikishe na kupiga kura ya mtaa. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2024 ulifanyika tarehe 27 Novemba. Wako waliofika siku ile wakiwa na kadi ya kura ya uchaguzi mkuu mfukoni, wakadhani yatosha. Orodha ya wapiga kura wa mtaa huandikwa mbali. Mwaka ule uandikishaji ulikuwa tangu tarehe 11 mpaka tarehe 20 Oktoba, na ambaye hakujiandikisha alikosa haki yake. Mtu anayekosa siku kumi hizo husubiri miaka mitano. Na tukumbuke kwamba Mwenyekiti wa mtaa ndiye kiongozi tuwezaye kumgongea mlango jioni, tukamwonyesha mtaro kwa kidole.

Nne, atimize upande wake kabla hajadai upande wa mwingine. Alipe ada, adai stakabadhi. Afunge taka zake, azitoe siku ya gari au guta, asizitoe siku ya mvua. Atenge maganda na mabaki ya chakula, kwa kuwa hayo huwa mbolea nzuri ya bustani, na yakitolewa, mzigo wa jaa hupungua sana. Chupa za plastiki na vyuma apewe mwokotaji, ambaye huviuza, wala asidharauliwe, maana kazi yake hutupunguzia sisi sote mzigo. Hapa ndipo lile swali letu la nyuma lipatapo jibu: kila debe la taka lisilofika jaani ni debe ambalo hapana jirani wa mbali atakayelivuta moshi wake.

Tano, ajue sheria iko upande wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, nambari 20 ya mwaka 2004, humpa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Lakini sheria hiyohiyo humtwika kila mtu wajibu wa kuyalinda mazingira hayo. Haki na wajibu zimeandikwa pamoja, wala mtu hawezi kuchukua moja akaacha ya pili. Mkishindwa mtaani na katani, andikeni barua kwa manispaa, mtie majina na sahihi nyingi, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Watu 795 wa Mtongani walianza kwa majina.

Na ninyi wanafunzi, msifikiri kwamba mambo haya ni ya watu wazima tu. Mwaka 2011 wanafunzi wa vyuo walitembea Tandale pamoja na wenyeji, wakachora ramani ya vichochoro, visima, vyoo na majaa ya mtaa ule, ambavyo havikuwa vimeandikwa wazi po pote. Kuanzia mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ilienea katika kata nyingi zipatwazo na mafuriko, ikaitwa Ramani Huria. Mtoto wa shule aweza kufanya iliyo ndogo kama hiyo kwa daftari na penseli. Ahesabu mahali ambapo mtaro wa mtaa wake umeziba, aandike siku na mahali, ampe baba au mama apeleke mkutanoni. Malalamiko yaliyo na hesabu hujibiwa upesi kuliko malalamiko yaliyo na makelele.

Tumesema mengi, na wakati umekwisha. Tuseme neno la mwisho. Mji huu hauna ukingo ambapo taka zaweza kutupwa zikaanguka nje ya dunia. Kule tulikodhani ni mwisho wa mji, Kunduchi, Mtoni na Pugu, tumekuta watu wakipika, wakilea watoto na wakitandika mikeka yao kama sisi. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na mtaa mmoja hausafishi mji. Basi mvua inayokuja itakaponyesha usiku, nawe ukasikia mlango wa jirani ukifunguka, usingoje asubuhi ndipo ulalamike. Toka, umwite kwa jina lake kwa upole, umwambie, Ndugu yangu, tuviweke barazani viroba hivi, yako na yangu, tungoje siku ya guta. Na siku ya mkutano, mpitie mwende pamoja.

Twawatakieni usiku mwema. Kwaherini.